Katuni za ugonjwa darasani: wasome za wengine au wachore zao?

mkufunzi_zamu: Wadau habarini. Nafundisha uuguzi, nina vipindi viwili tu vya somo la kuongea na mgonjwa na slaidi zimeshawachosha, nataka nitumie katuni. Nimebaki na tatu: Mom's Cancer ya Brian Fies, mama ana saratani ya mapafu imefika mpaka ubongoni. Epileptic ya David B., kaka yake ana kifafa. Na Taking Turns ya MK Czerwiec, nesi mwenzetu, wodi ya UKIMWI Chicago. Ipi?

dakta_mtarajiwa: Mom's Cancer mkuu. Ilianzia mtandaoni 2004, jioni moja umemaliza. Kuna sehemu mama kachorwa kama yule mtu wa gemu la Operation, wa kuchokonolewa viungo, mi hapo ndo nikakumbuka tunavyosema "yule saratani wa kitanda cha sita" na mwenyewe kalala anatusikia.

nesi_mkongwe: Hapana wanangu, Epileptic. Wale wazazi ni Wafaransa, wamemzungusha mtoto kwa watu wa chakula maalumu, wa sindano za Kichina, mpaka wanaoongea na mizimu, sasa hiyo ina tofauti gani na mama anayekuja kliniki mtoto ana hirizi mbili mkononi na vidonge vimeachwa tangu mwezi wa tatu? Sisi tunamgombeza tu pale dirishani. Ukisoma ile unamuona mzazi kachoka, sio mjinga. Ila nene, kurasa zaidi ya 300. Taking Turns waachie wanaoenda kufanya kazi CTC, kliniki ya UKIMWI.

mchora_vibonzo: Mbona kusoma tu? Michael Green, daktari wa chuo cha Penn State Marekani, 2009 alianzisha kozi ya wanafunzi wa udaktari mwaka wa nne, wanasoma afu kila mtu anachora kisa chake. Hata watu wa vijiti poa tu.

dakta_mtarajiwa: Na siri ya mgonjwa je? Mtu anapiga picha anatupia kwenye grupu la darasa, kwisha habari.

mchora_vibonzo: Ndo maana ajichore yeye. Siku ya kwanza kafiwa na mgonjwa mikononi, alisimama wapi, alisema nini.

mkufunzi_zamu: Hiyo nimeipenda. Basi kipindi cha kwanza kurasa chache za Epileptic, zile za kuzunguka kwa waganga, Kiingereza nitawatafsiria kwa mdomo, cha pili penseli. Asante sista.

nesi_mkongwe: Na wewe uchore ya kwako kwanza, wakuone. La sivyo watakuchorea maua.