Jane Addams wa Hull House: alifanya nini hasa kabla ya Nobeli?

chama_manyatta (Kisumu)
Hamjambo. Jumamosi kuna somo la chama kuhusu Jane Addams, yule Mmarekani aliyeanzisha Hull House, nyumba ya kuhudumia majirani maskini. Kila nikitafuta napata yaleyale: alizaliwa 1860, Nobeli ya Amani 1931, akafariki 1935. Akina mama hawataridhika na hayo. Watataka kujua pesa zilitoka wapi, kazi ilianzaje, na kipi kiliwashinda.

historia_nakuru
Mama, anza na nyumba. Septemba 1889 yeye na Ellen Gates Starr walihamia jumba kuukuu la Charles Hull (ndiyo hiyo Hull House) pale Halsted Street, Chicago, katikati ya wahamiaji Waitaliano, Wajerumani na Wayahudi wa Urusi. Wengi husema alilinunua. La. Walipanga sehemu tu, kisha mwaka uliofuata mwenye mali, Helen Culver, akawaachia jumba zima bila kodi. Mtaji wa kwanza ulikuwa urithi wa babake Jane, aliyefariki 1881. Wahisani walikuja baadaye. Mfano aliutoa Toynbee Hall ya London, ambako wasomi walihamia kuishi na maskini badala ya kuwatumia misaada kwa mbali. Na umtaje Starr, maana husahaulika sana.

usafi_nyalenda
Hayo ya nyumba ni sawa, lakini kitakachowaamsha akina mama ni taka. Huko wadi ya 19, ilipokuwa Hull House, masanduku makubwa ya mbao ya kutupia taka yalikuwa yamekazwa barabarani, yakifurika, na watoto wakichezea juu yake.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Wanawake wa klabu ya Hull House, wakishamaliza kufua na kupika, walipita vichochoroni jioni wakiandika kila kosa. Agosti na Septemba pekee walipeleka idara ya afya ripoti 1,037 zilizothibitishwa. Wakaguzi 3 wakahamishwa, mmoja baada ya mwingine, na taka bado ziko palepale! Ripoti peke yake haizoi taka.

Ndipo Jane akaomba tenda ya kuzoa. Ombi likatupwa kwa kasoro ya makaratasi, ila meya akamteua mkaguzi wa taka wa wadi, 1895, mshahara dola 1,000 kwa mwaka. Saa kumi na mbili asubuhi yuko nje, akifuata magari ya farasi mpaka jaani kuhakikisha mzigo umefika. Mkandarasi alikuwa na magari 9. Akabanwa hadi 13, kisha 17, huku akilia kwamba anapata hasara. Mizoga nayo ilibidi aiondoe. Wenye nyumba wakaidi walipelekwa kortini. Kuna kijia kimoja walichimba taka sentimita 45 hivi ndipo wakakuta sakafu ya barabara, na kumbe ilikuwa imeandikwa kwenye kumbukumbu za jiji siku zote. Kwa wingi wa vifo, wadi ilishuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7 jijini.

msoma_kakamega
Yaliyowashinda: jiko la umma. Walipika vyakula vya lishe kwa vipimo vya kitaalamu, majirani hawakununua. Mama mmoja alisema wazi kwamba chakula kina lishe kweli, lakini yeye hula anachokipenda. Menyu ilitungwa bila kuwauliza walaji.

Kilichofaulu ni Jane Club, na hiki ni chama kabisa. Wasichana wa kiwandani walikuwa wakirudi kazini mapema wakati wa mgomo kwa kuogopa kodi ya chumba. Wakaamua kukaa pamoja. Hull House ilitoa samani na kodi ya mwezi wa kwanza, basi. Kuanzia hapo kila mmoja alilipa dola 3 kwa wiki, na hizo zilitosha kodi, chakula, mpishi, moto na taa. Viongozi waliwachagua wenyewe. Mwaka wa 3 walikuwa 50, wamejaza nyumba zote 6 za jengo walilopanga.

chama_manyatta
Asanteni sana. Na diwani wa wadi alikuwa wapi wakati huo wote?

historia_nakuru
Hapo umegusa kidonda. John Powers. Hull House ilijaribu kumng'oa 1896 na 1898, ikashindwa mara zote mbili. Jane mwenyewe alieleza sababu: Powers aliwatafutia watu kazi za jiji, aliwatoa vijana wao mahabusu, aligharimia matanga, na Krismasi aligawa bata mzinga. Hull House ilikuja na hoja kuhusu barabara chafu.

usafi_nyalenda
Hiyo ya matanga usiiache Jumamosi.