Acheni kutuuzia "deki ya bajeti" ya Modern: mmetoa landi, mmetoa saidibodi, mmetuachia magarasa

Wakuu, heshima kwenu.

Nimerudi sasa hivi kutoka kwenye mashindano ya Ijumaa. Mechi nne, nimefungwa zote nne, na hii ni Ijumaa ya sita. Kufungwa si tatizo. Nimecheza karata tangu utotoni Tanga, nimefungwa na wazee na nimefungwa na watoto. Kinachonichoma ni kwamba safari hii nilikuwa nimeshafungwa siku ile ile niliyolipia deki, na walionishauri walijua.

Kwa wasioufahamu, nazungumzia Magic: The Gathering, mchezo wa kadi uliobuniwa na Richard Garfield ukatoka Marekani 1993. Mfumo ninaocheza ni Modern, ulioanzishwa 2011, unaoruhusu kadi kuanzia toleo la Eighth Edition la 2003 kuja huku. Deki ni kadi 60 au zaidi, pamoja na saidibodi ya kadi 15 za kubadilisha kati ya gemu na gemu. Kadi ya jina moja haizidi nne, isipokuwa landi za msingi kama Mountain na Plains. Landi, yaani kadi za ardhi, ndizo zinazotoa mana, yaani nguvu ya rangi fulani ya kulipia kadi nyingine zote. Huna landi, hata ushike kadi ya dola mia unaitazama tu. Shikeni hapo kwenye landi, maana ndipo tunapoibiwa.

Naishi Minneapolis, nafanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo. Kila mwezi natuma nyumbani, na kinachobaki hakina mchezo. Ndiyo maana Novemba 2024 niliposikia kwenye video moja "deki ya Modern ya dola 78, inashindana" nilitega masikio. Video ilitazamwa na wengi. Deki yenyewe ilikuwa Boros Energy, deki ya kadi za rangi nyekundu na nyeupe, ambayo wakati huo ilikuwa inatawala Modern, ila "kwa bajeti": Phlage zimetolewa, Ocelot Pride zimetolewa, Ragavan zimetolewa. Moja tu ya kadi hizo ilikaribia nusu ya bei ya deki yangu nzima, na deki halisi ilizitaka nne nne. Jamaa wa video akaicheza dhidi ya rafiki zake, akashinda tatu mfululizo, akasema "mnaona, pesa si kitu". Hao rafiki zake walikuwa na deki gani? Hakusema.

Sasa nipigieni hesabu. Dola 78 zilikuwa za kadi 60 tu. Saidibodi haikuhesabiwa kabisa, nayo ilikula dola 31. Halafu bei aliyoonyesha ni ile ya chini kuliko zote sokoni kwa kila kadi, na kadi hizo haziko kwa muuzaji mmoja. Nilijikuta nanunua kwa watu 11, kila mmoja na posta yake ya dola 1.30. Hiyo ni dola 14.30 za bahasha. Makava ya plastiki dola 11, kwa sababu hakuna anayechanganya kadi tupu mashindanoni. Jumla dola 134.30 kabla ya kodi, na kabla ya kiingilio cha dola 8 kila Ijumaa. Zamu yangu nzima ya usiku, maboksi tangu jioni hadi alfajiri, imeishia kwenye kitu kilichotangazwa kuwa cha dola 78.

Na kadi moja ilifika ina mkunjo katikati, mkunjo unaoonekana hata ukiwa umeivisha kava. Muuzaji alikuwa ameandika "imechezewa kidogo". Nikalalamika. Nikajibiwa kwamba kwa bei ile nilitarajia nini. Nilitarajia ulichoandika! Asiye na hela anasoma maelezo mara tatu kuliko mwenye nazo, kwa sababu akikosea hana ya kurudia.

Ngoja niwaeleze hii deki inavyokufa, maana wanaoiuza hawaonyeshi hapa. Mechi ya pili leo, mwenzangu anaanza. Anaweka landi, analipa pointi moja ya uhai wake, anaitoa sadaka, yaani anaitupa, anatafuta kwenye deki yake na kuleta landi ya rangi mbili iliyosimama, tayari kutumika, anashusha Ragavan, tumbili wa mana moja. Zamu yangu. Mkononi nina Galvanic Discharge mbili, kadi ya mana moja nyekundu, dawa hasa ya tumbili huyu. Nina kiumbe pia, Guide of Souls. Na landi zangu ni mbili, zote Wind-Scarred Crag. Crag inatoa nyekundu au nyeupe, safi, ila inaingia imelala. Yaani naiweka mezani, napata uhai mmoja, na siwezi kuitumia mpaka zamu ijayo. Dawa ninayo mkononi, mgonjwa ananitazama, na siwezi kuitoa. Mwenzangu akapiga na tumbili, akapata hazina ya kumpa mana ya ziada, na kadi ya juu ya deki yangu ikamwangukia yeye: Guide of Souls yangu ya pili. Akaicheza upande wake. Kadi yangu, niliyoinunua mimi, ikawa inamfanyia kazi yeye wakati mimi landi yangu bado imelala.

Nilipomuua tumbili zamu ya pili, Crag ya pili nayo ilikuwa imeingia imelala. Gemu ilikuwa imekwisha, tulibaki kukamilisha ratiba.

Hapo sikucheza vibaya, wala si bahati. Ni landi. Na landi ndicho kitu cha kwanza ambacho watengeneza orodha za bajeti wanakitoa, kwa sababu haionekani. Msomaji anaangalia majina ya wanyama na moto, hamna anayeangalia mstari wa mwisho unaosema "landi 22".

Aliyeniangalizia ni ndugu mmoja Mkongo wa Bukavu, anacheza meza za mbele, za wanaoshinda, pale kwenye mashindano. Alinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, akaja kunisalimia, akaomba kuona deki. Hakuangalia kadi nyingine hata moja. Alitoa landi zote 22, akazipanga mezani kwa safu, akaanza kuzigeuza ubavu zile zinazoingia zimelala. Kumi na mbili. Akazitazama, akanirudishia bila kusema neno, kisha akaniuliza nimelipa kiasi gani. Nilipomwambia alishika kichwa.

Yeye ndiye aliyenieleza kitu ambacho ningeelezwa Novemba. Chukueni landi ya Arid Mesa. Unalipa uhai mmoja, unaitoa sadaka, unaleta Mountain (ya nyekundu) au Plains (ya nyeupe) kutoka kwenye deki. Na landi ya Sacred Foundry ni vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo Mesa inaileta, na ukilipa uhai mbili Foundry inaingia imesimama. Ndiyo maana deki za mbele hazikosi rangi wala hazichelewi. Arid Mesa ilitoka 2009 kwenye Zendikar, ikachapwa tena 2017, ikachapwa tena 2021 kwenye Modern Horizons 2, na bado unaitafuta, kwa sababu deki nyingi zenye nyekundu au nyeupe zinaitaka. Ukinunua moja mwezi huu na moja mwezi ujao, deki ikifa wewe unabaki nazo, zinahamia deki nyingine. Hicho ndicho kununua kwa bajeti. Landi zangu 12 za kulala zinahamia wapi?

Mtanisamehe, lakini hapa ndipo hasira inapanda. Kauli inayotumika kutuuzia magarasa haya ni "anza na bei nafuu, utapanda taratibu". Niliambiwa hivyo kwenye video, nikaambiwa hivyo hivyo kwenye kaunta ya duka. Unapanda kutoka wapi? Juzi nilipeleka deki kuibadilisha na kijana akaigawa mafungu mawili: kadi chache upande mmoja, lundo upande wa pili. Kwa zote akasema atanipa dola 9, nikarudi nayo. Simlaumu kwa kutaja 9, ndiyo thamani yake sokoni. Nalaumu kauli. Deki halisi ningeiuza kwa nusu bei ningerudisha kitu. Hii ya maskini ndiyo iliyopoteza karibu kila senti.

Mama yangu alitulea kwa mitumba. Alikuwa anaamka alfajiri bunda linapofunguliwa ili apate gredi ya kwanza: shati limevaliwa, lakini kitambaa ni kile kile cha tajiri na mshono ni ule ule. Hakuwahi kutununulia jipya la bei chee linalochanika kwapa wiki ya pili. Alikuwa hana hela, kwa hiyo hakuweza kumudu kununua mara mbili. Nyinyi mnatuuzia lile la kuchanika kwapa kisha mnaliita bajeti.

Na si kwamba bei nafuu yenye nguvu haipo. Ipo! Deki ya rangi moja haihitaji landi za rangi mbili. Mfano deki iitwayo Burn, ya nyekundu tupu: Lightning Bolt, Lava Spike, Rift Bolt, Skewer the Critics, Monastery Swiftspear, na Mountain 19 ambazo duka lolote linakugawia bure au karibu na bure. Haitatwaa ubingwa wa dunia, lakini kila landi inaingia imesimama na kila kadi unailipia kwa wakati wake, kwa hiyo ukifungwa umefungwa kwa haki. Au Pauper, mfumo wa kadi zile tu zilizowahi kuchapwa kwa daraja la kawaida, ambako deki nyingi kamili, zisizopunguzwa kitu, hazifiki bei niliyolipa mimi. Lakini video inayosema "cheza nyekundu tupu" haivutii kama inayosema "deki namba moja kwa dola 78".

Suala la kadi kufungiwa, yaani kukatazwa mashindanoni, nalo nitaligusa kidogo. Tarehe 16 Desemba 2024 Wizards of the Coast, kampuni inayotengeneza Magic, walifungia kadi Modern, na kutoka Boros Energy ikaenda Amped Raptor. Raptor ilikuwa kati ya kadi za bei ya chini kwenye deki ile, na katika deki yangu ndiyo ilikuwa inafanya kazi kubwa. Ocelot Pride ikabaki, Phlage ikabaki. Sisemi walikosea kuifungia. Nasema aliyebaki na kadi za bei ya chini peke yake ndiye aliyebaki mtupu.

Kampuni nayo isijifiche. Mtoto wa dada yangu anacheza Pokémon, mchezo mwingine wa kadi. Kule kuna League Battle Deck, boksi la dola 30 hivi, unafungua unakuta kadi 60 ambazo watu wanazitumia mashindanoni kweli, unakaa mezani siku hiyo hiyo. Kwa Modern walijaribu mara moja 2014, deki iliyofungwa tayari kwa dola 75, kisha kimya. Ila 2022 waliweza kuchapa toleo la kutimiza miaka 30, pakiti nne za kadi 15 kwa dola 999, na kadi zenyewe haziruhusiwi mashindanoni. Kwa hiyo karatasi ipo, wino upo.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Anayebandika orodha ya bajeti aandike bei ya kadi zote 75 pamoja na posta. Aandike landi ngapi zinaingia zimelala. Aandike alicheza na nani, deki kamili au za kupunguza kama yake. Na aonyeshe kadi zipi zitabaki na mtu siku atakapoiacha ile deki. Mistari minne tu.

Najua kuna watakaokuja na "cheza kwa raha tu mkuu, ni mchezo". Kabla hujaandika hivyo, bandika kwanza landi zako hapa tuzione.

Ijumaa ijayo naenda na Mountain 19. Yule Mkongo amenikopesha Bolt nne mpaka nitakaponunua zangu. Mwenye Rift Bolt za kubadilishana aje PM, nina Crag nne.