Shokapu za kroula zinanata: nikiibonyeza gari haipandi, naombeni ushauri

Fundi_Majabali:
Wakuu habari za jioni. Gari ni kroula (gari dogo la rimoti la kupanda miamba) ya 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, kilo 2.6 ikiwa na betri. Shokapu ni za alumini, urefu mm 90, shafti mm 3, springi kwa nje, oili ya silikoni 30wt (wt ni kipimo cha uzito wa oili). Nikiibonyeza mpaka chini halafu nikaiachia taratibu, inabaki imelala karibu sm 1 chini ya kimo chake. Nikiigonga kidogo ndiyo inapanda. Mbele kulia ndiyo mbaya kuliko zote, kwenye mwamba tairi ya upande huo inaning'inia hewani. Nimeweka springi ngumu zaidi. Bado inanata, na sasa gari imekuwa juu na inapinduka upesi kwenye mteremko wa ubavu. Ninunue shokapu mpya zote nne, au kuna pa kuanzia?

Kijiti_cha_Mwamba:
Usinunue kitu kwanza, mkuu. Rudisha springi laini. Springi ngumu inashindana na msuguano badala ya kuuondoa, na kroula inataka ekseli ilegee ili tairi lifuate jiwe.

Fungua skrubu za chini za shokapu zote, kisha inua na ushushe ekseli kwa mkono. Ikiwa nzito hapo, shokapu hazina kosa: angalia gololi za linki (fito zinazoshikilia ekseli) kama zimejaa mchanga, na waya wa servo (mota ndogo ya usukani) kama umevutika. Ekseli ikienda kwa uhuru, vua springi na usukume kila shafti polepole kwa kidole. Ikigoma mwanzoni tu halafu ikateleza, ni oringi (pete za mpira zinazoizunguka shafti kuzuia oili isivuje). Ikikwama mahali palepale kila mara, shafti imepinda au ina mkwaruzo. Ikikataa kumalizia kuingia, kisha ukiiachia inajisukuma nje, oili imezidi.

Mzee_wa_Oili:
Niongezee hapo kwenye oili, maana wengi watakuambia ushuke hadi 20wt. Oili hukawiza tu. Hata ukiweka nzito kama asali, springi itairudisha gari kwenye kimo chake ukiipa muda. Gari ikibaki chini mpaka uigonge, huo ni msuguano wa kitu kugusana na kitu, na kubadilisha uzito wa oili hakutausaidia.

Kiasi cha oili ndicho chenye shida yake. Shafti ya mm 3 ikiingia mm 30 inachukua nafasi ya kama ml 0.2, na oili haibanwi. Isipopata pa kwenda, shokapu inakuwa ngumu kama jiwe mwishoni. Kama zako hazina kifuko cha mpira chini ya kifuniko, fanya hivi: shafti ikiwa nje, jaza oili karibu na ukingo, pandisha na shusha pistoni polepole bila kuitoa juu ya oili, uache dakika 10 mapovu yatoke. Kisha sukuma shafti ndani yote, acha oili ya ziada imwagike, na ufunge kifuniko shafti ikiwa bado ndani.

Binti_wa_Karakana:
Kwa dalili zako mimi natazama oringi. Shokapu nyingi za bei rahisi zinazibana mno. Kama kifuniko cha chini ni cha kuzungusha, kilegeze kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, halafu jaribu tena kwa kidole. Isipobadilika, weka oringi mpya za mpira wa nitrile. Za silikoni huvimba ndani ya oili ya silikoni, na zikivimba zinaikaba shafti. Zipake grisi ya silikoni kidogo, na ufunike nyuzi za skrubu kwenye ncha ya shafti kwa kipande cha nailoni unapozipitisha, la sivyo nyuzi zitazikata na shokapu itavuja.

Shafti iviringishe juu ya kioo. Ukiona mwanga ukifunguka na kufumba chini yake, imepinda, itupe. Mkwaruzo unaonasa ukucha, badilisha vilevile. Huo kwa kawaida ni alama ya plaizi iliyoshikwa bila kitambaa.

Fundi_Majabali:
Asanteni sana. Tatu zilikuwa oringi, nimelegeza vifuniko na zinateleza vizuri. Ila ya mbele kulia mkononi inateleza kabisa, nikiifunga kwenye gari inanata tena.

Kijiti_cha_Mwamba:
Basi inasukumwa ubavuni. Legeza skrubu ya juu mpaka shokapu icheze kwa kidole bila kulegalega. Ikiwa nati yake haina nailoni, iweke yenye nailoni ili isijifungue. Halafu itazame ukiwa mbele ya gari: tundu la juu na la chini yasipokaa mstari mmoja, shafti inaegemea upande mmoja wa bushi. Washa (kipete bapa) ya mm 1 au 2 nyuma ya sikio la chini kwa kawaida inatosha.

Mwisho pinda ekseli mpaka ukomo, upande mmoja juu, mwingine chini, uangalie kama springi inajikunja na kusugua mwili wa shokapu. Rangi ikiwa imelika na alumini inang'aa kwa mstari, umeipata.

Mzee_wa_Oili:
Ukimaliza, pima kimo mara mbili: baada ya kubonyeza na kuachia, na baada ya kuinua na kushusha polepole. Tofauti ya mm 2 au 3 iache, oringi lazima ziguse shafti.