Simu ya gemu ya milioni mbili na nusu: tununue au tuachane nayo?

Mleta Mada
Wakuu, suala hili limegawa watu vijiweni, tulijadili kwa hesabu. ASUS ROG Phone 9 ilitangazwa Novemba 2024. Bei ya kuanzia Marekani ilipotoka ilikuwa dola 1,000, Pro 1,200, na toleo la juu lenye RAM ya GB 24 na hifadhi ya TB 1 lilikuwa 1,500. Hiyo ya chini kabisa ni karibu milioni 2.5 za Tanzania au 130,000 za Kenya kabla hata ya kodi. Ndani yake kuna prosesa ya Snapdragon 8 Elite, kioo cha inchi 6.78 kinachofika Hz 185 (yaani kujichora upya mara 185 kwa sekunde), betri ya mAh 5,800 na chaji ya wati 65.

Msimamo wangu: kwa mchezaji wa PUBG Mobile, Free Fire au eFootball wa huku kwetu, hapana. Angalieni hicho kioo kinachosifiwa. Hz 185 huwashwa ndani ya gemu tu, kupitia Game Genie (menyu ya gemu ya simu hii), na lazima gemu yenyewe ikubali. Simu hii ilipotoka, PUBG Mobile iliishia fremu (picha) 120 kwa sekunde, eFootball 60. Hata ingekubali, fremu moja kwa Hz 120 hukaa kiooni milisekunde 8.3, na kwa Hz 185 hukaa 5.4. Tofauti haifiki milisekunde 3. Nani analipa mamilioni kwa milisekunde 3 huku pingi yake (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) inasoma milisekunde 150?

Kamba ya Baharini
Kwenye pingi naunga mkono. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban km 200 kwa milisekunde. Dar hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni karibu km 7,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama njia ingekuwa kamilifu. Njia si kamilifu: kebo inazunguka Bahari ya Shamu na Mediterania, kisha kuna ruta za njiani na mnara wa mtaani kwako. Mtu anayecheza seva ya Ulaya asishangae kuona 130 au 150, na hakuna prosesa ya kulipunguza hilo. Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, intaneti ya Tanzania na Kenya ilidorora, na mwenye simu ya milioni na mwenye simu ya laki mbili walikwama sawasawa.

Kinachoua mchezaji zaidi ni pingi inayoyumba: 140, 145, halafu ghafla 400. Hiyo inatibika bila kununua simu. Hamia Wi-Fi ya GHz 5, kaa chumba kimoja na ruta, zima masasisho ya programu yanayojipakua kwa nyuma, jaribu seva ya Mashariki ya Kati na ya Ulaya kwa siku tofauti, uandike matokeo.

Fundi Bodi
Mkuu mleta mada, umechagua kuipiga simu hii pale ilipo dhaifu. Hz 185 ni tangazo. Kinachouzwa hasa ni upoaji, na hapo hali ya hewa ya kwetu inabadilisha hesabu yote.

Simu ya kawaida isiyo na feni inaweza kutoa joto la wati 4 au 5 hivi kwa mfululizo. Gemu nzito ikivuta zaidi ya hapo, joto linajaa ndani, na prosesa inajishusha kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana mechi ya kwanza ni laini kama siagi, kisha kuanzia dakika ya 15 hivi fremu 60 zinakuwa 45 na kidole kinaanza kuhisi uzito.

Sasa tazama. Joto hutoka kulingana na tofauti kati ya mwili wa simu na hewa ya chumba. Mgongo wa simu ukiwa nyuzi 43 kwenye chumba cha nyuzi 22, tofauti ni 21. Simu hiyo hiyo kwenye chumba cha Dar mwezi Februari, nyuzi 32, tofauti ni 11. Uwezo wa kutoa joto umeshuka karibu nusu! Mapitio mengi mnayoyaona hufanyika kwenye vyumba vyenye ubaridi, kwa hiyo simu ya kawaida inayosifiwa huko inaweza kukuangusha Magomeni. Mchezaji wa pwani anahitaji upoaji kuliko mchezaji wa London.

Jambo la pili ni umeme wa moja kwa moja. Chaji betri hadi asilimia 70 au 80, chomeka waya kwenye tundu la ubavuni (ROG ina tundu la pili ili waya usikae kiganjani), kisha ndani ya Game Genie washa hali ya umeme kupita pembeni ya betri. Simu inakula umeme wa ukutani, betri haichajiwi wala haitumiki. Betri kuchajiwa huku gemu inachemka ndiyo njia ya haraka ya kuivimbisha.

Bint Tanga
Fundi, hesabu ya joto nimeielewa na ni kweli. Lakini jibu lake si lazima liwe milioni 2.5. Vua kava, weka simu kwenye stendi, elekeza feni ya mezani mgongoni mwake. Hewa inayotembea hubeba joto zaidi ya hewa iliyotulia, hata kama yote ni nyuzi 32. Shusha picha ziwe za chini, funga fremu kwenye 60, punguza mwanga wa kioo hadi nusu. Wati zinashuka bila shilingi kutoka.

Na umeme wa moja kwa moja si mali ya ROG peke yake. Infinix GT 20 Pro ya 2024 inao, ina kioo cha Hz 144 na prosesa ya Dimensity 8200 Ultimate, na bei yake haifiki nusu ya hiyo tunayoijadili.

Fundi Bodi
Dada, feni ya mezani inafaa nyumbani. Haifai kijiweni wala kwenye mashindano. Hiyo GT 20 Pro ni chaguo zuri kwa anayecheza saa moja kwa siku, sibishani. Naongelea anayecheza saa tatu au nne mfululizo, kwenye kiwango ambacho kushuka kwa fremu kunamfukuza mashindanoni.

Umande
Niongeze jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kipozeo cha kubandika, mfano AeroActive Cooler X Pro inayokuja na toleo la dola 1,500, kinatumia kigae cha Peltier: upande mmoja baridi, wa pili moto, feni inapuliza ule wa moto. Peltier inaweza kushuka chini ya joto la chumba, jambo ambalo feni peke yake haiwezi. Lakini Dar, Tanga na Mombasa zina unyevu. Siku nyingi za masika hewa huanza kutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 24 hivi. Sahani ya kipozeo ikishuka chini ya hapo, matone yanajikusanya mgongoni mwa simu na kutambaa kuelekea tundu la chaji, kama yanavyofanya kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

ROG 9 ina kinga ya maji ya IP68, itavumilia, ingawa tundu lenye majimaji halitakiwi kupitishiwa umeme. Simu zenye matundu ya feni mwilini ni hatari zaidi. Weka kipozeo kwenye kiwango cha kati, kifute kila baada ya mechi mbili tatu kwa kitambaa kikavu, na usikiwashe kabla gemu haijaipasha simu moto.

Hesabu Safi
Tusisahau bei halisi ya kuifikisha mkononi. VAT Tanzania ni asilimia 18, Kenya 16, achilia mbali usafiri na faida ya muuzaji. Dola 1,000 inaongezeka 180 hapo hapo Tanzania. Kenya ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2025, IMEI (namba ya kipekee ya kila simu) itamkwe simu inapoingizwa nchini, ila Mahakama Kuu ikabatilisha agizo hilo mwaka 2025. Tanzania, piga \*#06#, tuma hiyo IMEI kwenda 15090 kabla hujatoa hela. Mliokuwepo Juni 2016 simu bandia zilipozimwa mnajua TCRA, mamlaka ya mawasiliano, haitanii.

Angalia pia bendi (masafa ya mtandao ambayo simu inayapokea), hasa toleo la soko la China. Safaricom inatumia 4G ya bendi ya 3 na ya 20. Simu ikikosa bendi ya 20, ile inayopenya kuta, unaingia chumbani na pingi inaruka.

Mleta Mada
Fundi, hesabu ya nyuzi 11 na 21 imenihamisha kwenye upoaji, nakiri. Nabaki hapana kwa sababu mbili. Moja ni masasisho: ROG 9 imeahidiwa matoleo mawili mapya ya Android, huku Galaxy S25 ikiahidiwa saba kwa bei ya karibu. Pili ni vipuri. ROG 5, 6 na 7 zina betri mbili za mAh 3,000, moja kila upande wa bodi. Moja ikichoka, ya pili inaifuata, na kuziweka jozi isiyolingana ni kutafuta balaa. Kioo chake utakipata duka gani Kariakoo? Razer waliishia simu mbili, Lenovo wakafunga kitengo cha simu za Legion mwaka 2023. Chapa za gemu hufa, na vipuri hufa nazo.

Fundi Bodi
Kwenye vipuri sina jibu. Kioo cha ROG ni cha kuagiza, na ni wiki kadhaa za kusubiri. Kwa hiyo atakayenunua aagize kioo na betri siku ile ile ya kununua simu, avitunze, na gharama hiyo aihesabu kama sehemu ya bei.

Kwa anayesitasita: nenda dukani na simu yenye bando, weka 3DMark (programu ya kupima nguvu ya simu) kwenye simu unayoitaka, endesha Wild Life Stress Test. Ni mizunguko 20 ya dakika moja moja, mwishoni inakupa asilimia ya uthabiti. Mwombe muuzaji azime kiyoyozi, au mtoke nje kivulini. Simu ya dola 1,000 ikishuka chini ya 70 kwenye joto la kweli la Dar, mrudishie. Ya laki saba ikikaa juu ya 85, chukua hiyo.

Bint Tanga
Na kama muuzaji atakataa kuzima kiyoyozi?

Fundi Bodi
Hama duka.