MYSA ya Mathare (Mathare Youth Sports Association, chama cha michezo cha vijana wa mtaa huo wa Nairobi) ilianzaje hasa? Nataka kuanzisha kitu cha watoto mtaani kwetu

Mzee wa Chandimu:
Wakuu habari za jumapili. Mi nipo Mbagala, kuna watoto kama thelathini wanacheza chandimu kila jioni kwenye kiwanja nyuma ya nyumba yetu, kiwanja chenyewe nusu yake ni jalala. Nimeshaongea na mjumbe, tunataka pawe sehemu ya watoto na vijana kabisa, mpira, vitabu kidogo, na ngoma tukipata mtu wa kufundisha. Sasa jamaa kaniambia kabla sijaanza kuzunguka na barua za kuomba msaada niulize habari za MYSA ya Nairobi manake wale walianza na mpira tu. Wenye kuijua nisaidieni, ilianzaje na ni misimamo gani imeifanya idumu? Maneno ya kwenye brosha sitaki. Huku kwetu kuna kituo kilifunguliwa kwa mbwembwe, utepe ukakatwa, biskuti na soda zikagawiwa, miezi minane baadaye kimekuwa stoo ya saruji.

Kijana wa Huruma:
Karibu bana, umeuliza mtu amecheza huko. Ilianza 1987, kulikuwa na Mkanada anaitwa Bob Munro, mtu wa mambo ya mazingira, alikuwa Nairobi kikazi na UN. Akaona watoto wa Mathare wanacheza na juala. Juala ndo hiyo yenu ya chandimu, unakunja karatasi za nailoni unazungusha kamba unakaza mpaka ishike duara (sikuizi hata kuitengeneza ni shida, hizo karatasi serikali ilipiga marufuku 2017). Watoto wanataka mpira wa ukweli na ligi yenye refa. Na taka zimejaa kila mahali. Basi ikawa mpira ndio huu lakini na mtaa mtasafisha, na huo msemo uko mpaka leo, ukifanya kitu MYSA inafanya kitu, usipofanya kitu MYSA haifanyi kitu.

Sasa utamu uko kwa pointi. Kushinda mechi ni pointi 3. Kumaliza kazi ya usafi ni pointi 6! Yaani kuzoa taka kunakulipa kuliko kushinda mara mbili... ngoja, sawa na kushinda mara mbili haha. Jumamosi asubuhi mnapewa mtaro, spedi mbili na reki moja watu kumi na wanne, maji meusi yananuka, wale wadogo tunavuta tope kwa mikono, ukipata kiatu kizima unaita wenzako waone. Kuna msimu tulipigwa karibu kila wiki na bado hatukuwa wa mwisho.

Ngosha Mtata:
Hadithi tamu ila mi nauliza, si ni yale yale ya mzungu na wafadhili? Akiondoka inakufa.

Kijana wa Huruma:
Ngosha swali zuri. Tofauti ni kwamba vijana wenyewe ndo wanaendesha, ligi zinasimamiwa na watu wa umri wao, ukiwa na miaka kumi na tano unaweza kuwa kocha wa wadogo na mtu anakusikiza. Kazi ya kujitolea inahesabiwa pointi, na wenye pointi nyingi wanalipiwa karo. Hela inaenda shuleni moja kwa moja, hupewi mkononi, so hata baba akiwa na kiu yake ya pombe haigusi.

Alafu 1994 wakaunda Mathare United. 1998 ikachukua Moi Golden Cup ikiwa bado daraja la chini, kombe la nchi nzima! Na 2008 ikabeba ligi kuu. Kwa hiyo mtoto haoni picha ya mtu wa mbali, anaona yule aliyekuwa anazoa taka naye juzi.

Mama wa Kariobangi:
Msisahau wasichana jamani. Walianza kuingizwa 1992, na shida haikuwa mpira, shida ilikuwa sufuria. Mama alikuwa anasema sawa enda lakini maji na mtoto nani atashika? Kocha wetu alikuja nyumbani mara tatu, akakaa kwa stuli, akanywa chai, ndo nikaachiliwa. Nilienda uwanjani na mdogo wangu mgongoni, akalala pembeni kwa leso. Kama unaanza ndugu yangu wa Mbagala anza na wasichana siku ya kwanza, ukingoja utakuta kiwanja kishakuwa cha wavulana.

Na kuna sheria moja naipenda mpaka leo, anayeongea na refa ni kepteni peke yake. Mwingine akifungua mdomo anatolewa, na hachezi tena mpaka achezeshe mechi sita za watoto wadogo. Utajua filimbi ni nzito.

Mzee wa Chandimu:
Asanteni sana, hiyo ya mechi sita naichukua nzima nzima, nina mtoto mmoja hapa wa miaka 13 mdomo kama cherehani. Jumamosi tunaanza na jalala, kuna jirani kanipa koleo mbili na toroli lenye tairi bovu. Swali moja tu limebaki, zile pointi 6 mlikuwa mnapewa kila wiki au mpaka mtaro uishe?

Kijana wa Huruma:
Mpaka kazi iishe boss. Na mtu anakuja kukagua.