Mada: Kazi ya shule ya Novemba 11, mwanajeshi kijana wa Québec

Mama Neema, Côte-des-Neiges

Habari zenu ndugu. Mwanangu yuko sekondari ya pili. Ameambiwa amtafute mwanajeshi kijana mzungumzaji wa Kifaransa aliyefia vitani, aandike ukurasa mmoja na kuusoma darasani kabla ya tarehe 11, siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Mwalimu anashauri waanzie kwa watu wa ukoo. Sasa ukoo wetu ni wa Bukavu, Kongo, babu zetu nani aliwaandika? Mtoto anaitazama karatasi tu. Halafu yale maua mekundu ya kifuani, ya kuwakumbuka hao wafu, huuzwa wapi?

Baba Imani, Montréal

Dada, mtu wako yuko mtaani kwako. Rue Jean-Brillant, pale karibu na metro Côte-des-Neiges, ni jina la mtu. Luteni Jean Brillant alizaliwa 1890 kwenye bonde la Matapédia, akafanya kazi ya telegrafu kwenye reli. Vitani alikuwa batalioni ya 22 ya jeshi la Canada, batalioni pekee ya Wakanada wa Kifaransa iliyopigana mstari wa mbele katika Vita vya Kwanza.

Agosti 8, 1918 vita vya Amiens, Ufaransa, vikaanza. Rashasha ya Wajerumani ikawazuia, akaikimbilia na kuiteka, akajeruhiwa, akakataa kurudi nyuma. Baadaye siku hiyohiyo akaongoza platuni mbili (vikosi vidogo vya askari), wakateka rashasha 15 na Wajerumani 150. Jeraha la pili. Akafungwa bandeji, akaendelea. Kisha akauona mzinga unawapiga watu wake, akaufuata na kundi dogo, akapigwa mara ya tatu, na bado akasonga karibu mita 180 ndipo akaanguka. Alifariki Agosti 10, ana miaka 28. Kaburi lake liko Villers-Bretonneux, Ufaransa. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, akiwa tayari amekufa.

Dada Zawadi, Gatineau

Shikamoo Baba Imani. Hadithi ni nzuri, lakini mtoto akiinakili hivyo mwalimu atajua imetoka kwa mtu mzima. Mama Neema, mfungulie faili lenyewe. Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka ya Canada imeweka mtandaoni mafaili ya wanajeshi wote wa Canada wa Vita vya Kwanza, zaidi ya 620,000, na ni bure. Kuna fomu ya kujiunga: kazi, dini, urefu, jina la ndugu wa karibu. Hapo ndipo mtoto anakutana na mtu badala ya sanamu.

Mtahadharishe kwamba fomu nyingi ni za Kiingereza, na makarani walikuwa wakiyakosea majina ya Kifaransa. Koplo Joseph Kaeble wa batalioni hiyohiyo, aliyefariki Juni 1918, utamkuta pia kama Keable. Usipompata mtu, badilisha herufi. Na maofisa kama Brillant hawakuwa na namba ya jeshi, kwa hiyo mtafute kwa jina.

Mzee Hamisi, Ottawa

Wajukuu, niongeze neno. Mtoto asiandike kama vile Québec nzima iliipenda vita ile. 1917 serikali ya Canada ililazimisha watu kuingia jeshini, na Pasaka ya 1918, kwenye ghasia za kupinga hilo, askari waliwapiga risasi raia jijini Québec, wanne wakafa. Brillant alijiunga kwa hiari yake, wengine walijificha msituni. Vyote viwili ni vya hapa.

Kuhusu Bukavu, msikate tamaa moja kwa moja. Wakongo wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji, waliingia Tabora, iliyokuwa ya Wajerumani, Septemba 1916, na wapagazi waliokufa njiani hawakuhesabiwa vizuri. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri 2021 kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa upande wa Uingereza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina. Mimi ningempa mwalimu sentensi mbili tu za hilo, zinatosha kueleza kwa nini mtoto hakuanzia kwa babu yake. Mkizidisha, kazi ya mtoto itageuka kesi ya wazazi.

Mama Neema

Asanteni mno. Tayari ameshika kalamu, na amemchagua Kaeble, eti Brillant kila mtu atamchagua! Mzee, sentensi zako mbili ameziweka mwanzoni. Bado maua.

Dada Zawadi

Hayauzwi, mama. Yanatolewa na Royal Canadian Legion, chama cha wanajeshi wastaafu, tangu Ijumaa ya mwisho ya Oktoba, utaona kasha dukani, unatia sarafu yoyote. Huvaliwa kushoto. Pini yake huchomoka ovyo, kwa hiyo chukua mawili. Na huku Québec tarehe 11 si sikukuu ya mapumziko, shule ipo kama kawaida, usimwache nyumbani.