Kabati la MDF, la mninga, au masanduku ya bati? Nguo zimenishinda, naombeni ushauri kabla ya Jumatano

Wa_Shangani
Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Niko Shangani hapa Mtwara, naombeni ushauri wa kabati la nguo. La sasa limekwisha, mlango mmoja umetoka bawaba, nguo nyingine zimo kwenye shangazi kaja mbili juu ya kabati, nyingine kwenye salfeti chini ya kitanda. Kila asubuhi robo saa inaishia kutafuta sare ya kazi.

Korosho za mume wangu zimeshapita mnadani, tumekubaliana malipo yakiingia tu kabati linunuliwe. Nimeona njia tatu. Kuna la MDF, zile mbao za kusagwa na kubanwa, milango mitatu na kioo, liko tayari dukani kwa laki saba na nusu. Kuna la mninga la kuagiza kwa fundi, milioni moja na laki tatu. Au niachane na kabati kabisa, nichukue masanduku mawili ya bati na lile kabati la kitambaa la kuunganisha mabomba. Muuzaji wa MDF anataka jibu Jumatano kwa sababu kuna mteja mwingine. Lipi nichukue?

Seremala_Chuno
Dada, mbona umeficha mambo muhimu? Nyumba ni yako au umepanga? Chumba futi ngapi kwa ngapi? Ukuta utakaoegemezea kabati ni wa nje au wa ndani? Na Shangani ipi, ya kwenye upepo wa bahari au huku juu? Usipotuambia hayo, wote hapa tutakuwa tunabahatisha na hela ni yako.

Masasi_Kwetu
Chukua MDF usisumbuke. Langu lina mwaka wa sita, droo zinavutika vizuri, halijavimba popote. Milioni na laki tatu kwa ajili ya kutundika magauni ni nyingi mno. Ongezea hapo laki chache upate friji.

BiMkubwa_Mikindani
Marahaba mwanangu. Sisi tumelelewa na masanduku na nguo zilidumu. Kanga zangu za mahari bado ninazo, nazikunja kwa doti, nafukiza udi, natia kafuri, nafunga. Hayo makabati ya vioo ni ya kupamba chumba.

Kiranja
Picha tafadhali. Na useme una nguo kiasi gani. Watu wengi wanatafuta kabati kubwa wakati nusu ya nguo hawajazigusa tangu mwaka juzi.

Wa_Shangani
Mnisamehe, niliandika haraka. Tumepanga, vyumba viwili na sebule. Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi. Ukuta ulio wazi ni mmoja tu, wa nje, unaangalia bahari, na chini unatoa unga mweupe kama chumvi. Nikipaka rangi inabanduka baada ya miezi michache. Tuko watatu, mtoto ana miezi miwili. Kanga na vitenge sijahesabu, ila kanga zinafika doti sitini, maana nilichukua na za marehemu mama. Picha naona aibu kuiweka, kulivyo huko ndani.

Seremala_Chuno
Sasa umenena. Huo unga mweupe ni chumvi kweli. Unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, unaibeba chumvi iliyomo kwenye tofali na mchanga, ukifika juu maji yanakauka na chumvi inabaki. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Ukuta wa namna hiyo usiuegemeze kitu chochote cha mbao, iwe MDF, iwe mninga. Acha nafasi ya vidole vinne nyuma, na kabati lisimame kwenye miguu, lisilale sakafuni.

Mitwero_Lindi
Dada yangu, soma hii kabla hujatoa hela. Mwaka 2023 nilinunua kabati la MDF Dar, zuri kabisa, rangi ya kahawa, milango minne. Duka silitaji. Nikalipia na lori hadi Lindi. Nilikuwa na chumba kimoja chenye ukuta mrefu, ukuta wa bafu, nikalibana hapo hapo, nyuma hata wembe haupiti. Nilifurahi sana, nikapanga kila kitu, mashati ya mume kwenye henga za waya, viatu chini, vyeti vya shule na hati za kiwanja kwenye droo ya mwisho.

Masika ya 2024 mvua haikukata. Mwishoni mwa Aprili nikaenda Dar msibani. Mapema Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ikakatika kule Somanga, nikakaa Dar wiki mbili zaidi. Mume alikuwa safari, nyumba imefungwa madirisha yote.

Nilipofungua chumba, harufu ilinipokea mlangoni, harufu ya udongo uliolowa na kitu kilichooza. Nikavuta mlango wa kabati, ukanijia wote mkononi. Skrubu zilitoka na unga, kama ulivyo unga wa msumeno. Ubao wa chini ulikuwa umevimba na kufumuka, ukiubonyeza unaingia kidole kama mkate ulioloweshwa kwenye chai. Suti aliyoolea mume wangu ilikuwa na mabaka ya kijani kwenye kola na kwapani. Viatu vyake vya ngozi vimeota manyoya meupe. Mashati meupe yote yalikuwa na mstari wa kutu begani, palepale henga ilipokaa. Lakini hayo yote ningeyasamehe. Kilichoniliza ni droo ya vyeti. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa kimegandana na karatasi nyingine, nilipojaribu kukibandua wino ukabaki upande wa pili.

Nilimpigia muuzaji. Akaniambia MDF haikutengenezwa kwa ajili ya maji. Sasa kwa nini siku ya kuninunulisha aliniambia hata Zanzibar wanaitumia?

Ligula_Wodini
Pole sana dada wa Lindi. Hiyo ya vyeti imeniuma.

Masasi_Kwetu
Pole, lakini hapo kosa ni la ukuta wa bafu, si la MDF. Hata mninga ungeoza.

Seremala_Chuno
Mninga usingeoza kwa wiki tatu, kaka. Suti ingeota ukungu ndani ya kabati lolote, hapo nakubali, maana ukungu unataka giza, unyevu na hewa iliyosimama. Ila ubao usingefumuka. MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kubanwa kwa gundi, ile karatasi ya juu ndiyo inayoilinda. Ikipata mwanya mmoja, kwenye kona au tundu la skrubu, inanyonya maji na hairudi tena. Wewe uko Masasi, kukavu. Usilinganishe na mtu anayesikia mawimbi akiwa kitandani.

Masasi_Kwetu
Nimekuelewa. Ila na nyinyi mafundi kila mteja mnampeleka kwenye mninga.

Seremala_Chuno
Simpeleki. Kama hela haitoshi nitamtengenezea la mkongo, la saizi ndogo. Tena nitamwambia atakaponunua popote aangalie moyo wa mti. Mninga mwekundu wa katikati mchwa hausogelei kirahisi. Ule weupe wa pembeni bungua anautoboa ndani ya mwaka, na wapo wanaoupaka rangi ufanane. Funua droo, angalia upande ambao vanishi haikufika. Na kwenye mbao uliza risiti na hati ya kusafirishia ya TFS, wale wakala wa misitu, usije ukanunua mzigo wa kukimbizana nao.

Nachingwea_Mbao
Mkongo kwa kabati? Mkongo ni wa milango na madirisha. Mzito, unaua misumeno, na usipokauka vizuri unapinda. Mninga unatulia, haunywei wala kujikunja sana misimu ikibadilika, ndiyo maana droo zake hazikwami.

Seremala_Chuno
Uliokauka haupindi. Nina kabati la mkongo nyumbani kwa mama yangu, mlango unafunga kwa kidole kimoja.

Nachingwea_Mbao
Na nani anayekausha siku hizi? Mbao inashuka kwenye gari asubuhi, jioni imeshapigwa randa.

Kiranja
Tusimwache dada njiani jamani. Mimi narudi kwenye hoja yangu. Toa nguo zote uweke kitandani, zote, na za chini ya kitanda. Ambayo hujaivaa misimu miwili na haikutoshi, weka pembeni. Ukimaliza ndipo ujue unahitaji kabati la ukubwa gani. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana, zikatoka salfeti tatu, nikapeleka kwa wadogo zangu Tandahimba. Nilikuwa nimeshalipia nusu ya kabati la milango minne, nikabadilisha likawa la miwili. Na zinazobaki ukitia vidonge vya naftalini hakuna mdudu wala harufu.

Ligula_Wodini
Naftalini hapana! Mimi ni muuguzi, na mleta mada amesema ana mtoto wa miezi miwili. Ile harufu ndiyo dawa yenyewe, inageuka hewa na kuingia kwenye nguo. Mtoto mchanga akivikwa au kufunikwa nguo iliyokaa nayo, anaivuta na inapita kwenye ngozi. Wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na sehemu zenye malaria kama kwetu upungufu huo si jambo geni. Kwao chembe nyekundu za damu zinapasuka. Utaona macho yamekuwa manjano, mkojo umekolea kama chai ya rangi, mtoto analegea. Ukiona hivyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Na mtoto anayetambaa anaviokota vile vidonge akidhani pipi.

BiMkubwa, uniwie radhi, na kafuri usiiweke karibu na nguo za mtoto. Akiimeza hata kidogo inaweza kumletea degedege.

BiMkubwa_Mikindani
Hakuna radhi ya kuomba mwanangu, hilo la kafuri nilikuwa silijui na wajukuu wanaingia chumbani kwangu kila siku. Leo hii naitoa. Basi karafuu kwenye kitambaa, na majani ya mwarobaini yaliyokaushwa kivulini. Na jua. Kanga zianikwe mara moja kwa mwezi, lakini uzigeuze ndani nje na zisipigwe na jua la saa sita, rangi itaondoka.

Ligula_Wodini
Hapo sawa kabisa bibi. Na nguo yoyote iliyokaa muda mrefu ifuliwe kabla ya kumgusa mtoto.

Mitwero_Lindi
Nami naongeza: nguo ikitoka kwenye pasi usiitundike ikiwa bado ina joto na mvuke. Henga za waya tupa zote. Kwa hewa hii ya chumvi nunua za plastiki au za mbao. Na masanduku ya bati yanashika kutu chini kama yakikaa sakafuni, yainue juu ya matofali au ubao.

Seremala_Chuno
Jambo moja la vipimo, dada. Nenda na futi dukani. Henga ina upana wa sentimita 45 hivi, kwa hiyo kina cha ndani kisipungue 55. Makabati mengi ya tayari niliyopima yana 45 au 48. Henga inakaa mshazari, mlango unasukuma nguo, baada ya mwezi bawaba zinalegea. La kwako linalotoka bawaba naona ndicho kilicholiua.

Wa_Shangani
Nimepima sasa hivi, ni 46! Miaka yote nadhani nimelijaza kupita kiasi.

Jana usiku nilifanya kama alivyosema Kiranja, nikamwaga kila kitu kitandani. Sare na nguo za kazi ni chache, zinaingia kwenye bomba la mita moja na nafasi inabaki. Za mtoto zinaingia droo moja. Kilichojaza chumba ni kanga. Doti sabini na moja. Zangu nimetoa kumi na nane bila shida. Za mama sikuweza. Nilifungua ile ya Nani Kama Mama, bado ina pindo alilolishona kwa mkono upande mmoja, upande wa pili ameacha sindano na uzi vimechomekwa. Nikaikunja nikairudisha. Mume ananiambia nibakize tano tu za kumbukumbu.

Masasi_Kwetu
Shemeji yuko sahihi. Marehemu tunamkumbuka kwa dua, si kwa kujaza salfeti.

BiMkubwa_Mikindani
Usimharakishe mwenzio. Mwanangu, kanga za mama wagawie na wenzako waliozaliwa naye, dada zake na watoto wake wa kike, kila mmoja doti moja achague mwenyewe. Hiyo yenye sindano usiitoe.

Kiranja
Bibi kasema vizuri, ila kuziweka zilizobaki kunataka sanduku. Kwa hiyo ni kabati dogo na sanduku moja, si kabati kubwa.

Nachingwea_Mbao
Au lile la kitambaa kwa muda, elfu sitini hivi, kwa kuwa amepanga. Akihama analikunja. La mninga la milango mitatu wanaume wanne hawalipandishi ngazi.

Mitwero_Lindi
La kitambaa halizuii kitu, panya anaingia kwa chini. Ila kweli linapitisha hewa.

Seremala_Chuno
Naweza kumtengenezea mninga la milango miwili linalofunguka vipande vitatu, linafungwa kwa boliti. Ataondoka nalo. Mgongo naweka vipande vyenye mianya, hewa ipite.

Wa_Shangani
Fundi, hilo la vipande ni shilingi ngapi? Muuzaji wa MDF amepiga tena, nimemwambia asubiri hadi Ijumaa, hakufurahi. Mume anataka kwanza tujaribu kusogeza kitanda kiende ukuta wa baharini na kabati liwe ukuta wa ndani, lakini mlango wa chumba utakigonga kitanda. Shangazi yangu wa Mikindani anakuja Jumapili kuziona kanga.

Seremala_Chuno
Njoo kibandani tupige hesabu, siwezi kutaja bei kabla sijaona mbao zilizopo wiki hii. Njoo na kipimo cha mlango wa chumba pia, huenda tukaugeuza ufungukie nje, mwenye nyumba akikubali.

Chikongola_Mpya
Samahani kuingilia, fundi. Mchwa wameingia kwenye fremu ya mlango wangu, udongo unapanda hadi kwenye kench. Nibadilishe fremu tu au nianze na dawa?